Wafundisheni Watoto Huduma ya Kwanza

Kila akaaye Nairobi anapajua Adams Arcade, katika Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa mji. Majengo yale ya maduka yalijengwa na mfanyabiashara Abdul Habib Adam katika miaka ya 1950, nayo huhesabiwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Hata mgeni atokaye mashambani hapotei hapo. Upande wa kusini liko soko la Toi, mtaa wa Woodley na njia iendayo Kibera. Upande wa kaskazini iko mitaa ya Kilimani. Na barabarani mabasi, matatu na pikipiki hazikatiki tangu alfajiri hadi usiku.

Wakaaji wa pande hizi hawana shida ya kutafuta daktari. Ukiishika barabara hiyo kuelekea mjini utaikuta Hospitali ya Coptic. Ukizidi kwenda mbele utafika penye Hospitali Kuu ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa hospitali ndogo ya wenyeji, na si mbali nayo ipo Hospitali ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1954. Kwa sababu hiyo wengi husema kwamba hawana haja ya kujisumbua na habari za huduma ya kwanza, maana dawa i karibu.

Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini yasahau dakika. Mtoto akinywa mafuta ya taa, au akimwagikiwa na chai ya moto, hapana gari litakalomfikisha hospitali kabla ya dakika kadhaa kupita. Na saa za jioni, magari yanapobanana kutoka njia panda ya Dagoretti hadi Adams Arcade, dakika hizo huwa nyingi mno. Katika dakika hizo za kwanza daktari hayupo. Aliyepo ni yule aliye ndani ya nyumba, na mara nyingi aliye ndani ya nyumba ni mtoto mwingine. Basi nataka kuwaonyesha wazazi wenzangu kwamba mtoto huyo aweza kufundishwa, na kwamba asipofundishwa aweza kuleta madhara kwa nia njema kabisa.

KOSA LILILONIPATA

Nilikuwa na umri wa miaka kumi, tukikaa katika chumba cha kupanga karibu na soko la Toi. Baba na mama walikwenda kazini, nami niliachiwa ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Siku hizo tulipikia jiko la mafuta, na mafuta yenyewe yaliwekwa katika chupa ya soda, chini ya meza. Nilitoka kwenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta mtoto ameketi sakafuni, chupa i mkononi, akikohoa na kulia, na harufu ya mafuta yamtoka kinywani.

Nilipiga kelele. Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye huruma nyingi, alikuja mbio akaniambia, “Mtapishe, mwanangu! Mtapishe upesi kabla hayajashuka!”

“Ndiyo, mama,” nikamjibu, nikamtii kama mtoto anavyopaswa kumtii mkubwa wake. Nikamtia ndugu yangu kidole kooni, akatapika. Jirani akaleta maziwa, tukamnywesha, akatapika tena. Tulipoona ametapika mara mbili tulifurahi, tukidhani sumu yote imetoka.

Jioni ile mtoto akaanza kuhema kwa shida, na mwili ukawa moto. Akalazwa hospitali siku tisa kwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alimweleza baba, nami nimesimama nyuma yake nikisikia, kwamba hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia mapafuni, na kwamba mtu anapotapishwa ndipo anapoweza kuyavuta kwa pumzi yakaingia huko. Baba hakunipiga wala hakunikaripia. Alinishika bega tu, na jambo hilo liliniumiza zaidi.

Ndugu yangu alipona, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini mimi sijaisahau siku ile. Nilikuwa na mikono, nilikuwa na nia njema, na nilikuwapo tangu mwanzo. Nilichokosa ni mafunzo ya maneno matatu: usimtapishe, mpeleke hospitali.

MTOTO HUPEWA KAZI, APEWE NA ELIMU YAKE

Wako wazazi wasemao kwamba mtoto ni mtoto, na mambo ya damu na moto yatamtia hofu bure. Lakini wazazi hao hao humwachia msichana wa miaka tisa kitoto cha kubeba mgongoni, na humtuma mvulana wa miaka kumi kuwasha jiko la makaa. Tumempa mtoto kazi ya mtu mzima. Yatupasa tumpe na elimu ya kazi hiyo.

Tena hofu haitokani na kujua. Mtoto ajuaye la kufanya huwa na kazi mikononi mwake, na kazi humwondolea fadhaa. Asiyejua hukimbia, hujificha, au hufanya lolote aambiwalo na mtu wa kwanza kufika.

Wazo hili si geni wala halikuzuka jana. Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino katika nchi ya Italia, Henry Dunant aliwaona wanawake na watu wa kawaida wa mji wa karibu wakiwaosha majeruhi na kuwafunga vidonda, maana waganga walikuwa wachache mno. Kutokana na hayo aliyoyaona kikazaliwa chama cha Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Kenya ilikitambua kwa sheria chama chake yenyewe mwaka 1965. Chama cha St John Ambulance, kilichoanza Uingereza mwaka 1877 kwa ajili ya kuwafundisha raia huduma ya kwanza, kimefanya kazi Kenya tangu mwaka 1928.

Baden-Powell naye, alipoanzisha Uskauti mwaka 1907, alitaka kila kijana ajue kumsaidia aliyeumia. Uskauti uliingia Kenya mwaka 1910, na mwanzilishi wake alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri. Hapa karibu na Adams Arcade, upande wa uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, iko kambi ya Maskauti iitwayo Rowallan. Mzazi ambaye mtoto wake anapenda kuvaa skafu ya Skauti asidhani kwamba mtoto anakwenda kucheza tu. Kufunga bendeji, na kutengeneza machela kwa fimbo mbili na mashati, ni katika mambo ayajuayo Skauti.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Norway ilianza kuwafundisha watoto wa shule namna ya kumrudishia mtu pumzi mwaka 1961. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono shauri la kwamba watoto wote wafundishwe shuleni kuushtua moyo uliosimama, saa mbili tu kila mwaka, tangu wafikapo umri wa miaka kumi na miwili. Saa mbili katika mwaka mzima! Hapana mzazi awezaye kusema kwamba hana nafasi hiyo.

Nasi wa Nairobi tuna ukumbusho wetu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani na kuua watu zaidi ya 200 katika mji huu, waliowafikia majeruhi mwanzo walikuwa wapita njia, makarani na wachuuzi. Waliwabeba kwa mikono na kwa magari yao. Mwenye kujua alisaidia kwa ujuzi wake, na asiyejua alisaidia kwa nguvu zake tu.

KILA UMRI NA KADIRI YAKE

Mwalimu mwema hampi mtoto wa darasa la kwanza hesabu za darasa la nane. Vivyo hivyo huduma ya kwanza ifundishwe kwa kadiri ya umri.

Mtoto wa miaka minne au mitano yatosha ajue mambo matatu: kuita mtu mzima kwa sauti kuu, kutokimbilia moto wala umeme wala barabara, na kutaja jina lake, jina la mzazi wake na mahali anapokaa. Hili la mahali si dogo. Mfundishe mtoto kusema kama asemavyo mtu anayemwelekeza dereva: “Tunakaa nyuma ya Adams Arcade, karibu na soko la Toi, nyumba yenye lango la kijani.” Mtoto asemaye “nyumbani kwetu” tu hawezi kusaidiwa.

Mtoto wa miaka sita hadi tisa aweza kupiga simu. Nambari za polisi na za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ziandikwe kwa maandishi makubwa, zibandikwe ukutani pamoja na nambari ya baba, ya mama na ya jirani mmoja mwaminifu. Mwonyeshe pia kwamba simu ya mkononi, hata ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri, ina mahali pa kupigia simu ya dharura. Mtoto wa umri huu aweza vilevile kupoza mahali palipoungua, kubana pua itokayo damu, na kukandamiza kidonda.

Mtoto wa miaka kumi na kuendelea aweza kujifunza kumlaza ubavu mtu aliyezimia, kumsaidia aliyekwamwa na chakula kooni, na kumlinda mwenye kifafa. Afikapo miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, nguvu zake zaanza kutosha kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Mdogo kuliko huyo aweza kuujua utaratibu wake na kumwelekeza mwenye nguvu.

MAMBO YENYEWE

La kwanza kabisa ni hili: mtoto ajitazame mwenyewe kabla ya kumwendea aliyeumia. Mtu akishikwa na umeme asiguswe. Mtoto azime swichi kuu akiweza kuifikia salama, kisha aite watu. Mtu akigongwa na pikipiki katika Barabara ya Ngong, mtoto asiingie barabarani. Asimame kando apige kelele za kuomba msaada. Aliyeumia mmoja asiwe sababu ya kuumia wawili.

Kuungua. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi, yanayotiririka, kwa muda wa dakika ishirini. Kama hakuna bomba, maji ya mtungi yamwagwe polepole kwa kikombe. Bangili, pete na nguo ziondolewe mapema kabla ya uvimbe, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi, hiyo iachwe. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi, au kwa karatasi safi ya nailoni. Dawa ya meno, unga, yai, siagi, majivu na barafu visiwekwe kabisa. Najua wengi wetu tulilelewa kwa dawa ya meno, nami ni mmoja wao, lakini huzuia joto kutoka na humpa daktari kazi ya kuibandua.

Damu. Kidonda kikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kufunua kila mara kutazama. Damu ikipenya, kitambaa kingine kiongezwe juu ya kile cha kwanza. Mtoto avae mfuko wa nailoni mkononi asiguse damu ya mwingine. Kikiwa kitu kimechoma kikabaki ndani, mfano kipande cha chupa, kisivutwe. Kikandamizwe kando zake. Pua ikitoka damu, mtu aketi, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi huku akivuta pumzi kwa kinywa. Desturi ya kuinua kichwa nyuma ni mbaya, maana damu hushuka kooni.

Kukwamwa na chakula. Akiwa aliyekwamwa anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa, kusema wala kulia, apigwe mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja, akiwa ameinama mbele. Isipotoka, msaidizi asimame nyuma yake, amzungushie mikono, akunje ngumi juu ya kitovu na kuivuta kwa ndani na juu mara tano. Kisha arudie mgongoni. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asibanwe tumboni. Yeye alazwe kifudifudi juu ya paja, kichwa kimeshuka, apigwe mgongoni mara tano kwa kiasi. Kisha ageuzwe na kukandamizwa katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Kidole kisipelekwe kooni kupapasa kisichoonekana, maana huweza kukisukuma kitu ndani zaidi.

Kifafa. Hapa watu wengi hukosea. Mwenye kifafa asishikwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko, kijiti au kidole kinywani. Vitu vya kumwumiza viondolewe, kitu laini kiwekwe chini ya kichwa, na saa itazamwe. Mtikisiko ukikoma alazwe ubavu. Ukizidi dakika tano, gari la wagonjwa liitwe. Tena mtoto afundishwe kwamba kifafa hakiambukizi, ili asimkimbie mwenziwe shuleni.

Kuzimia. Akiwa mtu haamki bali anavuta pumzi, alazwe ubavu, kidevu kimeinuliwa kidogo, ili matapishi yasimzibe koo. Akiwa havuti pumzi, msaada uitwe mara moja, na mwenye nguvu akandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa kasi na kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Sumu. Aliyekunywa mafuta ya taa, dawa ya kufulia au dawa ya wadudu asitapishwe. Afutwe kinywa na uso, avuliwe nguo zilizolowa, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aione. Na wewe mzazi, leo hii, ondoa mafuta katika chupa ya soda. Mtoto hana kosa akinywa katika chupa ya kinywaji.

Moshi wa jiko. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Nairobi ni kali, na watu hulala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Mtoto akiona wenziwe wanaumwa kichwa, wanapepesuka au hawaamki, na jiko linawaka, afungue mlango, atoke nje na kuita watu.

WATOTO WAENDAPO MASHAMBANI

Mwezi wa Desemba nyumba nyingi za Adams Arcade hufungwa, watoto wakapelekwa kwa babu na nyanya. Hapo ndipo hospitali iliyokuwa karibu huwa mbali, na hatari hubadilika. Basi kabla ya safari mtoto akumbushwe mambo mawili zaidi, nayo yawafaa sana wakulima wasomao makala haya.

Akiumwa na nyoka, mtu atulizwe asitembee, na kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Pete na bangili zivuliwe. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala mguu usifungwe kamba ya kukaza hata damu isipite. Nyoka asifuatwe ili auawe, maana wengi wameumwa mara ya pili kwa namna hiyo. Mgonjwa abebwe kwenda hospitali iliyo karibu.

Akiumwa na mbwa, hata kama ni mkwaruzo tu, na hata kama mbwa ni wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku ileile kwa ajili ya chanjo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara huua. Lakini maji, sabuni na chanjo kwa wakati wake huuzuia. Mtoto afundishwe asifiche jambo hili kwa kuogopa kugombezwa. Na mzazi naye aahidi kutomgombeza, na aishike ahadi yake.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Mafunzo haya hayaingii kwa hotuba. Mtoto hujifunza kwa mikono. Jumamosi alasiri, baada ya kufua nguo, chukua robo saa tu. Mwambie mtoto mkubwa ajifanye amezimia, na mdogo amlaze ubavu. Leso ya mama yatosha kuwa bendeji. Mwanasesere au mto mdogo wafaa kuwa kitoto kilichokwamwa na chakula, lakini mtoto mzima asipigwe wala asibanwe tumbo kwa mazoezi. Simu ichezwe kwa mfano: mzazi awe mtu wa 1199, aulize, “Uko wapi? Nani ameumia? Anavuta pumzi?” Mtoto ajibu bila kulia. Mfundishe pia asikate simu kwanza, na kwamba kupiga nambari hizo kwa mzaha ni kumwibia mtu mwingine nafasi ya kuokolewa.

Fundisha jambo moja tu kwa siku, urudie baada ya majuma mawili. Katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba ufanye mtihani mdogo, na mshindi apewe mandazi. Kisha mwache mtoto amfundishe mdogo wake, maana anayefundisha hukumbuka mara mbili.

Weka sanduku dogo nyumbani, lenye vitambaa safi, bendeji, glavu, mkasi, sabuni na tochi. Liwekwe mahali ambapo mtoto mkubwa aweza kulifikia. Lisiwe na vidonge: mtoto asifundishwe kumpa mtu dawa ya kunywa.

Na mzazi mwenyewe asione haya kujifunza. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo kwa watu wa kazini, wa makanisani na wa mitaani. Shule, chama cha akina mama au misikiti na makanisa waweza kuomba mkufunzi kwa pamoja, na gharama ikawa nyepesi kwa kila mmoja. Makala ya gazeti hufungua mlango tu. Mikono hufundishwa na mikono.

NENO LA MWISHO

Hapa pana jambo gumu, nalo ni heshima. Mtoto wetu amefundishwa kumtii mkubwa. Je, atafanya nini mkubwa akija na dawa ya meno, au akisema “Mtapishe”? Nimelifikiri sana, kwa kuwa ndilo lililonishinda nilipokuwa na miaka kumi. Mimi watoto wangu nimewafundisha kusema kwa adabu, “Samahani, mama, baba amesema tusimtapishe, tumpeleke hospitali. Tafadhali nisaidie kumbeba.” Maneno hayo hayavunji heshima. Yampa mkubwa kazi ya kufanya, na jirani yule mwema wa zamani, kama ningemwambia hivyo, nina hakika angembeba ndugu yangu mgongoni hadi hospitali bila ya kusita.

Wala asiwepo wa kumzuia mlangoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mzazi na mtoto wote wawili walijue neno hilo.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa leo angali maji. Jumamosi hii, kabla hujatoka kwenda sokoni Toi au madukani Adams Arcade, mwite mwanao, umwonyeshe chupa ya mafuta inapokaa, bomba la maji lilipo, na nambari zilizo ukutani. Kisha umwulize, “Mdogo wako akiungua sasa hivi, utafanya nini?” Akijibu sawasawa, nenda zako kwa amani. Asipojibu, soko litangoja.